Maswali Yenu: Ruta moja, intaneti mbili

Haya wapendwa, safari hii nimeyaweka pamoja maswali yanayofanana, maana wengi mmeandika jambo moja, kwamba nyumbani kuna intaneti mbili, faiba na 4G au faiba na setilaiti, na mtu kachoka kila laini ikikata aanze kubadilisha jina la waifai kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye tivii, kwenye kamera, halafu ikirudi aanze upya. Mnataka ruta moja ishike zote mbili na watu wa nyumbani wasijue kama kuna kitu kimetokea. Inawezekana kabisa na sio kazi ya mtaalamu peke yake, ila kuna sehemu mbili tatu zinaangusha karibu kila mtu na hizo ndo nitazikalia zaidi.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina modemu ya faiba na juzi nimeongeza ya 4G ili moja ikikata nyingine ishike. Ruta yangu ni ya kawaida, ina tundu moja la WAN na manne ya LAN. Faiba nimechomeka WAN, 4G nikaichomeka tundu namba mbili la LAN. Wiki ya kwanza hatukuona shida, ila bando la 4G lilipoisha simu yangu ikawa haina neti kabisa wakati ya mke wangu iko vizuri, nikizima waifai na kuwasha mara inakubali mara inakataa. Faiba yenyewe ilikua nzima muda wote. Nimekosea wapi?

JIBU: Kosa liko kwenye hilo tundu namba mbili ndugu yangu, na wala usijilaumu, maana kwa macho matundu yote yanafanana na plagi inaingia bila ubishi. Tundu la WAN ni mlango wa kutokea nje, yale manne ya LAN ni ya ndani, kazi yake kuunganisha vifaa vya nyumbani basi. Ulivyochomeka 4G kule ndani hukuipa ruta laini ya pili, umeingiza ruta nyingine ndani ya nyumba, maana modemu nyingi za 4G ni ruta kamili, ina waifai yake na inagawa anwani zake. Sasa ukawa na wagawaji wawili kwenye mtandao mmoja. Simu ikiunganishwa inaita "jamani nani ananipa anwani", hiyo kazi ndo inaitwa DHCP, na anayewahi kujibu ndo anayeichukua. Ikiwahi ruta, simu inatokea faiba. Ikiwahi modemu ya 4G, simu inaambiwa mlango uko huku kwangu, na bando likiisha simu imebaki inagonga mlango uliofungwa huku faiba iko hapo hapo pembeni haina tatizo. Ndo maana kuzima na kuwasha kulikua kama kubahatisha.

Ukitaka kuona kwa macho yako, fungua maelezo ya waifai kwenye simu yako na ya shemeji, angalia anwani ya ruta. Moja ikisema 192.168.0.1 na nyingine 192.168.8.1 basi umeshakamata mchawi.

Chomoa hiyo 4G leo. Halafu ingia kwenye setingi za ruta yako utafute maneno Dual WAN au Multi-WAN, au sehemu ya laini ya akiba ya 3G/4G. Ikiwepo, una bahati, ruta nyingi za ASUS kwa mfano zinakuruhusu kugeuza tundu moja la LAN au tundu la USB liwe WAN ya pili. Isipokuwepo, hakuna namna ya kupanga nyaya itakayoileta, hata ununue swichi ya aina gani, na hapa nawaomba sana msipoteze hela kwa kubahatisha. Njia zilizobaki ni kununua ruta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo (TP-Link ER605 inabeba WAN mpaka nne, MikroTik karibu zote unaweza kulifanya tundu lolote kuwa WAN), au kama ruta uliyonayo inakubali OpenWrt, yaani programu huria ya kuendeshea ruta badala ya ile iliyokuja nayo, unaweka OpenWrt pamoja na kifurushi chake kinachoitwa mwan3. Angalia kitu kimoja kabla hujalipa, ER605 haina waifai, kwahiyo ile ruta yako ya zamani usiitupe, utaigeuza iwe ya kusambaza waifai tu, unaizima DHCP yake na unachomeka waya kwenye tundu lake la LAN. Hapo LAN ndo penyewe sasa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina laini ya 20 Mbps na nyingine ya 10 Mbps. Nikiziunganisha kwenye ruta moja napata 30?

JIBU: Marahaba binti yangu. Jibu fupi ni kwamba nyumba inaweza kupata 30, wewe mwenyewe ukishusha faili moja unapata 20 au 10. Naeleza kwanini, maana hili swali ndo linalovunja watu moyo baada ya kununua.

Ruta inapogawana mzigo kati ya laini mbili, kwenye menyu utakuta pameandikwa Load Balance, haikati faili vipande nusu huku nusu kule. Inagawa kwa muunganisho. Muunganisho mmoja ukianza kupitia laini A unamalizia laini A. Haina ujanja hapo, maana kila laini ina anwani yake ya IP huko nje, na seva iliyoanza kuongea na anwani moja ikiletewa vipande kutoka anwani nyingine inaviona ni vya mgeni inavitupa. Kwahiyo faili moja, laini moja. Ila watu watano wakiwa ndani, huyu anatazama video, yule yuko kwenye kikao, mwingine anashusha mchezo, miunganisho ni mingi na ruta inaitawanya, hapo ndo mnaona raha ya laini mbili. Programu za kushusha zinazofungua miunganisho mingi kwa faili moja nazo zinafaidi. Hata tovuti za kupima kasi mara nyingi zinafungua miunganisho kadhaa kwa pamoja, ndo maana unaweza kupima ukaona 28 ukafurahi halafu ukishusha faili unaona 10. Hujadanganywa, ni vipimo viwili tofauti.

Kuna teknolojia ya kuzichanganya kweli kweli mpaka ziwe kama laini moja, MPTCP, ilitoka kama RFC 6824 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti) mwaka 2013 ikaboreshwa mwaka 2020 kwa RFC 8684, na kuna mradi wa OpenMPTCProuter unaoitumia. Lakini lazima huko nje kuwe na seva unayoilipia inayopokea vipande vya laini zote mbili na kuvishona, na kila kitu unachofanya kinazunguka kwanza kwenye seva hiyo. Kwa mtu anayerusha video moja kwa moja kutoka sehemu zenye laini mbovu inalipa. Kwa nyumba ya kawaida mi naona ni mzigo wa bure.

Ukiamua kugawana mzigo basi weka uzito. Laini yako ya 20 na ya 10 uzito ni 2 kwa 1. Ukiacha 1 kwa 1 ruta inapeleka nusu ya miunganisho kwenye laini ndogo, na ukurasa mmoja wa tovuti unafungua miunganisho mingi, kwahiyo maandishi yanakuja haraka na picha zinabaki zinazunguka, unaanza kuilaumu laini kubwa wakati inayochelewesha ni ndogo. Na kama laini ya pili ni 4G yenye bando la kuhesabu, usigawane kabisa, iache iwe ya akiba.

SWALI: Fundi, nimenunua ruta yenye WAN mbili, nimeweka faiba kuwa kuu na 4G akiba. Nikichomoa waya wa faiba kwenye ruta inahamia 4G ndani ya sekunde chache, safi kabisa. Lakini faiba ikikata yenyewe haihami! Taa ya WAN inabaki kijani, neti hakuna, mpaka niende nichomoe waya kwa mkono. Ruta ni mbovu?

JIBU: Ruta ni nzima. Hili swali nalijibu kwa moyo wote maana liliwahi kunikuta mimi. Nilifunga laini mbili nyumbani, nikajaribu kwa kuchomoa waya kama wewe, ikahama, nikaridhika, nikawaambia watu wa nyumbani sasa tuko salama. Miezi imepita, siku moja mdogo wangu yuko kwenye usaili wa kazi kwa video mlango umefungwa, faiba ikakatika huko mbali, na mi nimechuchumaa mbele ya ruta naangalia taa mbili za kijani zimetulia kama hakuna lolote, naijua sura ya ile taa mpaka leo. Aliporudi hewani kwa simu yake dakika kumi zilikua zimeshapita. Kosa lilikua langu, sikujaribu kitu sahihi.

Iko hivi. Ile taa ya kijani inakuambia kitu kimoja tu, kwamba waya kati ya ruta na modemu una uhai, yaani modemu imewaka na wanaonana. Kukatika kwenyewe mara nyingi kunatokea kilomita kadhaa kutoka kwako, na modemu yako haina habari, inaendelea kuwaka na kumpa ruta anwani kama kawaida. Ruta inayoangalia waya peke yake itasema laini iko nzima, na haijakosea kwa ilichoulizwa. Wewe ukichomoa waya unatengeneza aina ya ubovu ambayo karibu haitokei kamwe.

Unachotakiwa ni kuifanya ruta iwe inagonga mlango wa mbali kila baada ya muda, yaani inatuma ping kwenye anwani iliyo nje kwenye intaneti na kusubiri jibu. Tafuta kwenye setingi sehemu ya kuchunguza laini, kwa kawaida iko ukurasa ule ule wa Dual WAN, uweke anwani mbili tofauti, kwa mfano 1.1.1.1 na 8.8.4.4, na useme laini ihesabiwe imekufa pale zote mbili zikikosa kujibu. Kuweka moja ni hatari maana siku hiyo anwani ikigoma kujibu kwa sababu zake, ruta itahama bila sababu. Na usiweke anwani ya modemu yako yenyewe! Wengi wanafanya hivyo, modemu iko nusu mita kutoka kwenye ruta, itajibu hata kama dunia nzima imekatika. Wenye MikroTik mnisikilize hapa, ile check-gateway=ping ukiiweka bila mpango mwingine inapima huyo huyo jirani wa karibu, inampigia kila sekunde 10, na akiwa ni modemu yako atajibu tu siku zote. Inabidi utengeneze njia inayopitia anwani ya mbali. Ukishafanya hivyo kuna mtego wa pili, anwani unayoipimia inakua imefungwa kwenye ile laini moja, kwahiyo ukipimia 8.8.8.8 na hapo hapo ndo DNS ya nyumba nzima (DNS ndo inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba), faiba ikifa DNS inakufa nayo, unahamia 4G ukiwa kipofu. Anwani ya kupimia iwe mbali na anwani ya DNS.

Muda nao una mambo. Ping kila sekunde 5, ikikosa mara 3 mfululizo hama, hiyo ni kama sekunde 15 na kwa nyumbani inatosha. Najua utatamani uweke sekunde 1 ikikosa mara 1 hama, usifanye hivyo, laini yoyote inapoteza ping moja moja hasa ikiwa imejaa, utajikuta ruta inarukaruka kati ya laini mbili usiku kucha na kila ikiruka miunganisho yote iliyokua hewani inakatika. Kurudi kwenye faiba kuwe kugumu zaidi kuliko kuondoka, idai majibu mazuri mengi mfululizo, ikiwezekana dakika moja au mbili nzima, maana faiba inayotengenezwa ina tabia ya kurudi kidogo na kupotea tena.

Sasa jaribio lenyewe. Waya kati ya ruta na modemu uache ulipo. Ingia kwenye ukurasa wa modemu ya faiba ukate muunganisho wa intaneti kutokea humo, modemu iendelee kuwaka. Kama haikuruhusu, chomoa ule uzi wa faiba nyuma ya modemu taratibu bila kuukunja, ufunike ncha vumbi lisiingie, na tafadhali usiichungulie, humo kuna mwanga wa leza ambao jicho haliuoni. Kabla hujachomoa, kwenye kompyuta fungua dirisha jeusi la amri uandike ping 9.9.9.9, kwenye Windows ongeza -t ili isikome. Utaona majibu yanashuka mstari baada ya mstari. Chomoa. Majibu yanakoma. Hesabu... kumi, kumi na mbili, kumi na tano, halafu mstari mmoja unashuka, mwingine, na milisekunde zimebadilika, kama ilikua 8 saivi ni 45, hapo ujue uko 4G. Siku niliyoiona hiyo mistari ikianza tena yenyewe bila mimi kugusa kitu ndo siku nilipoamini.

Kitu cha mwisho, usitegemee simu ya video iendelee bila kustuka. Ukihama laini anwani yako ya nje imebadilika, kwahiyo kila kilichokua wazi kinabidi kiunganishwe upya. Programu nyingi za vikao zinajirudi zenyewe baada ya sekunde chache, VPN ya kazini inaweza kukudai uingie tena, na faili lililokua linashuka linaweza kuanza mwanzo. Ni kawaida.

SWALI: Nimeweka kugawana mzigo, kila kitu kinaenda ila tovuti ya benki inanitoa nje kila baada ya dakika moja mbili, naambiwa niingie upya.

JIBU: Benki imekuona umeingia kwa anwani moja, ukabonyeza ukurasa unaofuata ukatokea kwa anwani nyingine, kwao hiyo ni dalili ya mwizi, na mi naona wako sahihi. Tafuta setingi ya kung'ang'ania laini, kila ruta inaiita jina lake ila maana ni kwamba kifaa kikishatumia laini fulani kwenda tovuti fulani kibaki hapo hapo kwa muda, mwan3 wanaiita sticky. Kama haipo, tengeneza sheria kwamba kompyuta ya kazini daima inatoka laini A, na laini B itumike pale A ikifa tu. Hii ya kugawa kwa vifaa mi ndo naipenda zaidi, tivii na simu za watoto ziende B, kompyuta za kazi A, unajua kila kitu kiko wapi na siku pakiwa na shida hupati tabu kutafuta.

SWALI: Ruta yangu inakataa laini ya pili, inasema kuna mgongano wa anwani. Modemu zote mbili ukurasa wake ni 192.168.1.1.

JIBU: Na ruta yenyewe pengine nayo ni 192.168.1.1, yaani watu watatu jina moja, ukiita hakuna anayejua ameitwa nani. Badilisha mpaka kila mmoja awe na mtaa wake, modemu ya faiba iwe 192.168.10.1, ya 4G iwe 192.168.20.1, ruta iwe 192.168.50.1. Kinachotakiwa kutofautiana ni ile namba ya tatu, ukiweka 192.168.1.1 na 192.168.1.2 bado ni mtaa mmoja na mgongano uko pale pale. Badilisha moja moja, ukiwa umechomeka kompyuta kwenye hiyo moja peke yake, na uandike kwenye karatasi uibandike chini ya kifaa. Kama modemu hairuhusu kubadilishwa, badilisha ya pili na ruta, moja inaweza kubaki na 1.1 yake.

Ukiweza kuiweka modemu kwenye hali ya daraja (Bridge), yaani ipitishe tu bila kufanya kazi ya ruta, ni bora zaidi, maana ruta inapokea anwani ya nje moja kwa moja na hupitii tafsiri mbili za anwani, moja kwenye modemu na nyingine kwenye ruta. Kwa kutazama na kusoma tafsiri mbili hazina madhara, shida inakuja kwenye baadhi ya michezo na kwa mtu anayetaka kuingia nyumbani kutokea nje, kwa mfano kutazama kamera zake. Na hapo angalia anwani ruta inayopewa upande wa 4G, ikianza na 100.64 mpaka 100.127 ujue kampuni yako inakuweka na wateja wengine nyuma ya anwani moja ya pamoja, hizo zilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, kwahiyo hata ufungue milango yote kwenye ruta hakuna atakayekufikia kwa laini hiyo. Kamera utazipata kupitia faiba au kupitia huduma ya mwenye kamera.

SWALI: Laini ya akiba inakula bando hata siku ambazo faiba iko nzima, na faiba ikikata saa moja tu bando lote linaisha!

JIBU: Haya ni mawili tofauti. La kwanza ni zile ping, ruta inapima na laini ya akiba pia, na ni vizuri ipime maana akiba iliyokufa siku nyingi bila wewe kujua haina faida. Lakini tupige hesabu, ping moja kila sekunde 5 ni 17,280 kwa siku, kwenda na kurudi ni kama MB 3 kwa siku, kwa anwani mbili MB 6, kwa mwezi karibu MB 180. Weka kila sekunde 30 kwa upande wa akiba na anwani moja tu, inashuka mpaka MB 15 kwa mwezi. Ikiwa inakula zaidi ya hapo basi kuna kifaa kinapita huko, au umeacha kugawana mzigo badala ya akiba, hakikisha umechagua Failover.

La pili ni kwamba nyumba haijui kuwa imehamia kwenye bando. Tivii inaendelea na picha ile ile kubwa, na kwa makadirio ya Netflix wenyewe video ya HD inafika GB 3 kwa saa na ile kubwa zaidi GB 7. Kompyuta inaona neti ipo inaanza kushusha masasisho, simu zinapandisha picha, kamera zinarusha video zake. Kwenye ruta tengeneza sheria kwamba tivii na kamera zikitaka kutoka kwa laini ya 4G zizuiwe kabisa, zisubiri faiba. Kama ruta haina uwezo huo, ziweke kwenye waifai ya wageni na uipunguzie kasi, afadhali kuliko kuacha wazi.

SWALI: Nina faiba mbili za kampuni mbili tofauti, na zimekatika siku moja saa moja. Inawezekanaje?

JIBU: Fuata nyaya zako kwa macho mpaka barabarani kaka. Kampuni mbili zinaweza kupita nguzo moja au mtaro mmoja, au hata moja inakodi nyaya za mwenzake, mchimbaji mmoja na jembe lake anakata zote. Laini ya pili iwe ya namna nyingine kabisa, faiba na 4G, faiba na setilaiti. Na angalia umeme pia, kama modemu zote na ruta ziko kwenye soketi moja basi umeme ukienda una laini mbili ambazo hazijawaka. Kuna betri ndogo za volti 12 zilizotengenezwa kwa ajili ya ruta, linganisha volti na ampea zilizoandikwa kwenye chaja ya kila kifaa kabla hujanunua.

SWALI: Kila kitu nimefuata, ruta inahama vizuri, ping ya namba inajibu, lakini nikiwa kwenye laini ya pili kurasa hazifunguki au zinachukua nusu dakika. Nimekwama hapo siku tatu.

JIBU: Pole, uko karibu sana kumaliza. Namba inajibu na majina hayafunguki, basi tazama DNS kwanza. Ruta yako pengine inauliza majina kwenye seva ya kampuni ya faiba, na seva hizo nyingi zinajibu wateja wao tu, ukimuuliza ukitokea kwa jirani anakaa kimya. Ingia kwenye setingi za ruta uondoe DNS za kampuni, uweke za wote zinazojibu kutoka laini yoyote, 1.1.1.1 na 9.9.9.9 kwa mfano, na kama mojawapo ndo unaipimia laini, basi ya kupimia ibadilishe.

Ikiwa bado inachelewa, hasa hiyo ya nusu dakika halafu inafunguka, basi pengine ni IPv6, ile aina mpya ya anwani za intaneti, ya zamani ni IPv4. Vifaa vyako vilipewa anwani ya IPv6 na faiba, faiba imekufa lakini simu bado imeshika ile anwani na inaanza kwa kuijaribu kabla ya kukata tamaa na kurudi IPv4. Ruta nyingi za nyumbani hazijui kushughulikia hili kwenye laini mbili. Zima IPv6 upande wa LAN, zima waifai ya simu uwashe ili ichukue anwani upya, kata faiba kutokea kwenye modemu kama nilivyoeleza juu, ufungue ukurasa ambao hujaufungua leo, usiwe ule uliozoea maana unaweza kuwa umehifadhiwa kwenye simu. Ukifunguka ndani ya sekunde moja mbili, rudisha faiba ukalale, na ukigoma niandikie uniambie ni ruta gani na anwani inayoonekana kwenye simu ukiwa kwenye laini ya pili.